Kasi ya Boti Huanzia Ufuoni

Soko la Daraja Mbili mjini Kisii liko milimani, kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Victoria liko chini yake kwa zaidi ya mita 500. Hata hivyo ziwa limo ndani ya soko. Limo kwenye gorogoro za omena, kwenye mbuta waliokaangwa na ngege waliopangwa juu ya magunia. Limo pia kwenye mvua ya alasiri inayowatawanya wachuuzi, maana sehemu kubwa ya unyevu wa mvua hiyo hupandishwa na upepo utokao ziwani. Soko nalo limo ziwani. Ndizi, parachichi, mboga na miwa ya Kisii na Nyamira huteremka hadi Homa Bay na Mbita, na sehemu yake huvushwa hadi visiwani. Visiwa vidogo vya wavuvi kama Remba na Ringiti havina mashamba ya kuvitosha. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba visiwa vya Kenya vinahitaji boti za kasi, hasemi na watalii peke yao, wala na Wasuba wa kisiwa cha Mfangano peke yao. Mchuuzi aliyeketi Daraja Mbili ana haki ya kuuliza: kasi hiyo itaniletea nini?

Jibu la haraka linajulikana. Boti ya mbao yenye injini ndogo hutumia kiasi cha saa moja na nusu kutoka Mbita hadi Mfangano. Boti nyepesi yenye injini kubwa inaweza kuufanya muda huo nusu, na zile zinazowapeleka wageni kwenye hoteli za visiwani tayari hufanya hivyo. Ukiangalia maji peke yake, hoja imekwisha. Lakini msafiri haanzi safari yake injini inapowashwa. Huianza anapofika ufuoni na kuuliza, "Inatoka lini?" na kuambiwa, "Ikijaa." Hoja yangu ni kwamba kasi ya usafiri wa visiwani huamuliwa zaidi na ratiba, gati na namna ya kupakia kuliko nguvu ya injini, na kwamba fedha inayowekwa kwenye injini kabla ya mambo hayo matatu huweza hata kumchelewesha msafiri yule yule inayodaiwa kumsaidia.

Hesabu ndogo inatosha kulionyesha hilo. Tuseme kuna boti ya abiria 20, na ufuoni wanafika watu 8 kila saa. Itachukua saa mbili na nusu kujaa. Aliyefika wa kwanza atangoja muda huo wote, wa mwisho hatangoja hata kidogo, na kwa wastani kila mmoja atangoja saa moja na robo. Ongeza saa moja na nusu ya majini, safari ya wastani ni dakika 165. Sasa lete boti ya kasi inayovuka kwa dakika 45. Inakunywa mafuta mengi zaidi, na ili nauli isipande mno mwenye boti anataka abiria 28. Kujaa kwake ni saa tatu na nusu, na wastani wa kungoja ni dakika 105. Jumla ni dakika 150. Robo saa ndiyo faida yote iliyobaki, baada ya fedha nyingi kiasi hicho. Na yule aliyefika wa kwanza amepoteza: alikuwa akitumia saa nne, sasa anatumia saa nne na robo. Kisha fikiria boti ya mwendo ule ule wa zamani, lakini ya abiria 10 tu. Hujaa kwa saa moja na robo, wastani wa kungoja ni chini ya dakika 40, na pamoja na saa moja na nusu ya majini jumla haifiki dakika 130. Boti ya polepole isiyochelewa kuondoka imeishinda boti ya kasi inayongoja. Tarakimu hizi ni za mfano, na kila ufuo una idadi yake ya abiria, lakini mwelekeo wake haubadiliki. Pale ambapo abiria ni wachache na chombo hungoja kujaa, ukubwa wa chombo humla msafiri muda kuliko ulegevu wa injini. Tena anayefika mapema ufuoni mara nyingi ni mtu wa mbali, yule aliyeamka Nyamira usiku ili aje na mzigo wake. Mfumo wa kungoja kujaa humwadhibu yeye kwanza.

Watu wa Kisii hawahitaji kufafanuliwa mfumo huo, kwa kuwa ndio wa Probox na matatu. Nchi kavu madhara yake ni madogo kidogo kwa sababu abiria ni wengi, magari ni mengi, na aliyechoka kungoja anaweza kupanda boda boda. Kisiwani hakuna boda boda ya majini ya bei hiyo. Na huwezi kumlaumu mwenye boti. Mafuta yanayotumika kuvusha watu watano ni karibu sawa na yale ya watu kumi na watano. Akiondoka nusu tupu, hasara ni yake, wala hakuna anayemfidia.

Maji nayo yana sheria zake zinazoifanya kasi kuwa ghali kuliko barabarani. Chombo kinachokata maji, kama zilivyo boti nyingi ndefu za mbao za ziwani, hupambana na mawimbi kinayoyatengeneza chenyewe. Kwa kadirio la kawaida la mabaharia, kukiongeza mwendo mara mbili hudai nguvu mara nane hivi. Boti ya kasi huukwepa mtego huo kwa kuinuka na kuteleza juu ya maji, lakini ili iinuke lazima iwe nyepesi na iwe na tumbo bapa. Ijaze magunia ya omena na mikungu ya ndizi, itashuka hadi mwendo wa boti nyingine huku ikiendelea kuteketeza mafuta ya injini kubwa. Ndiyo maana boti za kasi, popote zilipo, hupenda abiria mwenye mkoba na kumkwepa mwenye gunia. Anayekwenda Daraja Mbili au kutoka huko ni mwenye gunia. Ukimvusha kwa dakika 45 na mzigo wake ukafika jioni kwa boti nyingine, hujamwokolea muda wowote. Umempa nafasi ya kuusubiri mzigo upande wa pili wa maji.

Hapa inafaa kutenganisha bidhaa, kwa sababu mjadala huu huwa unazungumza juu ya "samaki" kana kwamba samaki wote ni mamoja. Omena iliyokauka vizuri haiharibiki kwa kuchelewa saa mbili. Inaharibika kwa kulowa. Muuzaji wake anahitaji turubai, ubao wa kupandia usiomlazimisha mbebaji kuingia majini na gunia kichwani, na banda lenye paa ufuoni. Ngege na mbuta wabichi ni habari nyingine, kwao kila saa ya jua ina bei yake. Lakini hata kwao barafu hununua muda mwingi kuliko injini: samaki aliyefunikwa barafu vizuri hustahimili siku kadhaa, na asiyefunikwa anaweza kuanza kuharibika katika zile dakika 45 zinazosifiwa. Ndizi mbichi zinazokwenda visiwani hukaa katikati. Zinavumilia safari ndefu, hazivumilii kutupwa na kubanwa. Ukiwapanga wanaoihitaji kasi yenyewe, kasi ya majini, unabaki na wagonjwa, akina mama wanaojifungua, na wachache wengine ambao saa moja kwao ni jambo la uhai.

Kuna jambo la upepo, nalo ndilo linalogeuza uchelewaji kuwa hatari. Ziwa Victoria hupumua mara mbili kwa siku. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo hutoka ziwani kuelekea milimani, na dhoruba hujengeka juu ya nchi. Hapo ndipo Kisii hupata radi na mvua yake ya mawe ya alasiri. Usiku mambo hugeuka. Pepo za nchi kavu hukutana juu ya ziwa, na ngurumo huhamia huko hadi karibu na asubuhi. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara husema watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa maji kila mwaka katika ziwa hili la nchi tatu, wengi wao wavuvi, na hali mbaya ya hewa ni miongoni mwa sababu kuu. Kwa abiria wa kwenda visiwani, nafasi nzuri kwa kawaida ni asubuhi baada ya dhoruba za usiku kutulia na kabla ya upepo wa alasiri kuinua mawimbi. Boti iliyotakiwa kuondoka saa tatu asubuhi ikangoja kujaa hadi saa nane mchana inakutana na upepo huo usoni, kwani anayekwenda Mfangano huelekea magharibi unakotokea. Nahodha hapo huongeza mwendo ili kufidia muda, na boti nyepesi yenye kasi ndiyo inayodundwa zaidi. Katika miaka ya 2017 hadi 2021 mradi wa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, uliboresha utabiri kwa ajili ya vyombo vidogo vya ziwa hili. Kazi hiyo ni kubwa. Lakini utabiri wa asubuhi haumsaidii vya kutosha mtu asiyejua kama ataondoka asubuhi.

Historia ya ajali zetu nayo inaelekeza jicho ufuoni. Kivuko cha Mtongwe kilichopinduka Mombasa tarehe 29 Aprili 1994 na kuua watu 272 kilikuwa makumi machache tu ya mita kutoka nchi kavu. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania wa ziwa hili hili, kilikuwa kimekaribia kutia nanga. Walikufa watu 228 na wakaokolewa 41, ilhali chombo kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio huko Bugolora, na pamoja na watu kulikuwa na mahindi, ndizi na saruji. Msomaji wa Daraja Mbili ataitambua picha hiyo mara moja: hao walikuwa watu wa soko wakirudi nyumbani na ununuzi wao. Katika misiba hiyo miwili hakuna aliyekufa kwa sababu chombo kilikwenda polepole. Uzito uliozidi, na usimamizi uliokosa mtu wa kusema "imetosha", ndivyo vilivyoua. Na kuyazuia hayo yote ni kazi ya ufuoni, inayofanywa kabla kamba haijafunguliwa.

Anayepinga atanionyesha Zanzibar, na ni haki anionyeshe. Kati ya Dar es Salaam na Unguja boti ziendazo kasi, baadhi yake zilizojengwa Tasmania nchini Australia, huvuka kwa muda wa saa mbili hivi, mara kadhaa kwa siku, na zimebadilisha maisha ya pande zote mbili. Mfanyabiashara anaweza kwenda na kurudi siku moja. Sikatai hata chembe. Ila tazama ni nini kilichozunguka injini hizo: bandari mbili zenye gati, saa za kuondoka zilizotangazwa, tiketi iliyokatwa kabla, na miji miwili mikubwa inayotoa abiria wa kutosha kila siku ya mwaka. Kasi ilikuja juu ya msingi. Na bahari ile ile imeonyesha kasi bila msingi ina sura gani. MV Skagit ilikuwa boti ya abiria ya mwendo kasi iliyojengwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya eneo la Seattle. Ilihudumu huko kwa miaka, ikauzwa mwaka 2011, ikaletwa kwetu, na tarehe 18 Julai 2012 ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe katika bahari iliyochafuka. Zaidi ya watu 100 walipotea. Chombo kilichofaa mahali pamoja kilipelekwa mahali pengine kwa sifa ya mwendo wake, na anayetaka kununua boti ya kasi kwa ajili ya Mfangano hana budi kuikumbuka safari hiyo.

Mfano unaofanana zaidi na hali yetu ni Visiwa vya Ssese nchini Uganda. MV Kalangala, iliyoanza kazi katikati ya miaka ya 2000, huchukua kama saa tatu na nusu kati ya Nakiwogo, jirani na Entebbe, na Lutoboka katika kisiwa cha Bugala. Hakuna atakayeiita meli ya kasi. Lakini kwa miaka mingi imejulikana kuwa inatoka kisiwani saa mbili asubuhi na kurudi kutoka Nakiwogo saa nane mchana, na kwa saa hizo mbili watu wamepanga biashara, matibabu na shule. Mtu anayeijua saa ya kuondoka hangojei ufuoni. Anangojea nyumbani, shambani au dukani, akifanya kazi yake. Huo ndio muda ambao hakuna injini inayoweza kuurudisha. Upande wa pili wa kisiwa hicho hicho, vivuko vya Bukakata na Luku huvusha watu na magari bila nauli, kwa kuwa serikali ya Uganda huvihesabu kuwa sehemu ya barabara.

Hapo ndipo pingamizi zito zaidi linapokuja: nani atalipa boti inayoondoka nusu tupu? Wenye boti wa Mbita hawawezi, na kuwalazimisha ni kuwafilisi. Lakini Kenya imekwisha kulijibu swali hili pwani. Anayevuka Likoni kwa miguu halipi hata senti, kwa sababu taifa lilikubali kwamba pale maji ni barabara. Mkazi wa Mfangano hulipa nauli kuvuka maji yake, na bei ya ndizi aliyovushiwa ina nauli hiyo ndani yake. Sidai kila kitu kiwe bure. Nadai kwamba safari mbili au tatu za uhakika kwa siku, zinazoondoka kwa saa zijae zisijae, zifidiwe na umma kwa kiti kilichobaki wazi. Fidia hiyo inaweza kuwa gharama ndogo kuliko bei ya boti mpya za kasi ambazo nazo zitangoja kujaa. Tena ratiba huzaa abiria. Mtu asiyesafiri leo kwa kuogopa kulala Mbita atasafiri kesho akijua kuna boti ya kurudi.

Pingamizi la wagonjwa linaniuma zaidi, nalo sina la kulipunguza. Mama mwenye uchungu wa kujifungua Remba au Ringiti anahitaji kila dakika, na boti ya kasi kwa ajili yake ni lazima. Lakini boti ya wagonjwa haingoji abiria. Inaondoka na mtu mmoja, kwa gharama ya umma, na kazi yake yote inategemea utayari huo. Mwenye kuitumia kama hoja ya kununua boti za kasi za kibiashara anachanganya vitu viwili, na hatari yake ni kwamba fedha ya ile ya kwanza huishia kwenye hizi za pili. Wanaosema tujenge daraja badala ya yote haya wanasahau umbali. Kisiwa cha Rusinga kiliunganishwa na Mbita kwa tuta katika miaka ya 1980 kwa kuwa mlango wa maji ni mwembamba, na hata tuta hilo lilizuia mkondo kwa miaka hadi daraja lilipojengwa ili maji yapite tena. Mfangano haiko katika umbali wa namna hiyo.

Gati lenyewe linataka fikra mpya. Mwezi Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kufikia kiwango cha rekodi ya mwaka 1964 na kuipita kidogo, na fuo nyingi zikafunikwa pamoja na vibanda vyake. Gati la zege lililojengwa kwa kimo kimoja litakuwa chini ya maji mwaka mmoja na juu mno mwaka mwingine. Linalofaa ni gati linaloelea, linalopanda na kushuka na ziwa, lenye ubao mpana wa mbebaji mwenye gunia kupita bila kuingia majini. Kuwe na mstari uliochorwa ubavuni mwa kila boti, na mtu mwenye mamlaka ya kuizuia pale mstari unapozama. Sheria ipo, Mamlaka ya Bahari ya Kenya ipo, Walinzi wa Pwani wapo tangu 2018, na kamati za kusimamia fuo ziko karibu kila bichi. Kinachokosekana mara nyingi ni mshahara wa huyo mtu mmoja, kila asubuhi, siku ya soko na siku isiyo ya soko.

Kaunti za Kisii na Nyamira hazina ufuo, lakini zina sehemu yao. Magari ya kwenda Homa Bay na Mbita huondoka Kisii kwa mtindo wa kujaa, kwa hiyo boti ya saa nne kamili haitamfaa mchuuzi ambaye gari lake limekwama stendi hadi saa tatu. Magari mawili yenye saa maalum, moja kutoka Kisii saa kumi na moja alfajiri na lingine kutoka Mbita saa sita mchana, yangeziunganisha ratiba hizo mbili. La kwanza lingempa muda wa kupakia ndizi zake Mbita kabla ya upepo. La pili lingemrudisha siku inayofuata na samaki wake hadi Daraja Mbili, barafu ikiwa bado haijayeyuka kwenye gunia.